Jina la Kumi na Saba

"Hivi Dympna, baba yako yale majina huwa anayasoma au anayaimba tu?"

Bi Sadie Crozier aliuliza hivyo akiwa upande wake wa ua, bakuli la mayai mkononi, sauti imetulia kama ya mtu anayeuliza bei ya viazi. Ilikuwa Jumatatu, siku sita kabla ya Jumapili ya Kumbukumbu ya waliokufa vitani, na Dympna alikuwa anaanika shuka ambazo yeye mwenyewe alijua hazitakauka mpaka Krismasi.

"Anayasoma, Bi Sadie. Kwani vipi?"

"Mwaka jana daftari alilishika juu chini."

Dympna akacheka. Alipoona mwenzake hacheki, akaacha.

"Mimi hukaa mstari wa mbele," Sadie akaendelea. "Nembo ya batalioni iko pale kwenye jalada. Nikaiona imening'inia kichwa chini kama popo. Na baba yako anaendelea tu, hakwami hata mara moja. Nikasema moyoni, mzee huyu ama amekuwa mtakatifu, ama haoni."

Daftari hilo lilikuwa na majina ishirini na mawili. Ndio vijana wa mji wetu walioondoka na batalioni ya Waayalandi kwenda kupigana Burma, wasirudi. Malachy Gormley, baba yake Dympna, alirudi, na sasa katika waliorudi alikuwa amebaki yeye peke yake. Kila mwaka alisimama katika ukumbi wa soko akaita jina baada ya jina, kwa mpangilio ule ule walivyoanguka, na kwa kila jina mtu mmoja wa nyumba ya marehemu husimama akajibu, "Yupo." Ndivyo vijana walivyoitikia jeshini, na ndivyo mama zao walivyotaka waitikiwe. Wakatoliki wanaitika, Waprotestanti wanaitika, halafu wote wanakunywa chai moja na kuisema vibaya keki moja. Siku nyingine za mwaka kila mmoja ana chai yake.

"Tena kuna jina analiruka," Sadie akasema. "Huu utakuwa mwaka wa nne."

"Jina gani?"

"Mimi sitaji majina ya watu juu ya ua. Kamati imekaa Ijumaa, nami nilikuwepo. Akiliruka tena, mwakani atasoma meneja wa benki."

"Yule wa Belfast? Yule mwenye sauti kama redio?"

"Redio hairuki majina, Dympna."

"Miaka mitatu, na hakuna aliyemwambia?"

"Wewe mwenyewe ulikuwa wapi?"

"Jikoni, na birika! Nani mwingine huwapikieni chai?"

"Basi ndiyo nakwambia sasa." Sadie akampitishia mayai juu ya ua. "Sisi tungemwambiaje? Mtu amesimama mbele za watu, medali kifuani, chai inapoa."

Na kweli, sisi ndivyo tulivyo, Mungu atusamehe. Mtu wa mji wetu atakwambia waziwazi kwamba ng'ombe wako atakufa, na kwamba mwanao amekunywa mpaka akalala kwenye mtaro. Lakini kukwambia kwamba umekosea mbele za watu, hapana. Atakaa kimya mpaka mmoja wenu azikwe, na kwenye mazishi atakusifu.

*

Malachy alikuwa mezani, miwani puani, gazeti limefunguliwa kwenye ukurasa wa vifo. Kila asubuhi saa tatu redio ilitangaza waliofariki, na saa nne yeye aliwasomea wa nyumbani gazetini wale wale, kwa sauti, kana kwamba amewagundua yeye.

"Bi Keown wa Derrygonnelly," akasoma. "Ghafla, nyumbani kwake. Mazishi kesho saa tano. Masikini."

Dympna aliangalia juu ya bega lake. Gazeti lilikuwa la wiki iliyopita. Alikuwa amelibadilisha yeye, mara tu alipoingia kutoka uani, huku akimwomba Bikira Maria amsamehe hila hiyo.

"Baba, hilo ni gazeti la Jumatatu iliyopita."

Mzee akageuza ukurasa bila haraka. "Aliyekufa amekufa. Wiki haibadilishi kitu."

"Mimi nimevaa aproni ya rangi gani?"

"Ya bluu."

"Ni ya kahawia."

"Jumatatu huvaa ya bluu. Basi umechelewa kufua."

"Baba."

Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena, ingawa wote wawili sasa walijua ilikuwa ni pambo. Akasema kwa upole, "Ukimwambia daktari, ataniandikia fimbo nyeupe. Nikibeba fimbo nyeupe, daftari wanalichukua. Hiyo ndiyo kazi yangu pekee iliyobaki, Dympna. Kuku wanaweza kujilisha."

Dympna hakuwa mtu wa kulia asubuhi. Alikwenda kabatini akatoa daftari. "Haya, simama. Niitie majina. Mimi nitafuata kwa kidole."

Mzee akasimama kama alivyofundishwa miaka hamsini iliyopita, kidevu juu, mikono kwenye mishono ya suruali. Akaanza. Bertie Crozier, kaka yake Sadie, alikuwa wa tisa. Majina yalitoka mdomoni mwake yamenyooka kama askari mstarini. Akafika wa kumi na sita.

"Cecil Noble." Akavuta pumzi kidogo. "Packie Leonard."

"Umemruka mmoja."

"Sijamruka mtu."

"Kati ya Cecil na Packie kuna mtu. Kidole changu kiko juu yake. Josie Tummon."

Malachy akasema kuku hawajala. Akatoka. Kuku walikuwa wamekula saa moja iliyopita, kwa mkono wake mwenyewe, na inasemekana walishangaa lakini hawakukataa.

*

Josie Tummon alikuwa mtoto wa fundi viatu. Dada yake, Bi Gretta, bado alikuwa na duka lile lile mtaa wa chini, ila sasa lilikuwa la nyuzi za kufumia. Mlango alikuwa anauzuia usijifunge kwa ule mguu wa chuma ambao baba yake alipigilia viatu juu yake. Lakini chumba cha nyuma alikuwa ameacha nyundo na misumari, kwani baba huyo, alipokosa mtoto wa kiume wa kurithi, alimfundisha yeye. Nusu ya visigino vya mji vilipita mkononi mwake.

Vya Malachy havikupita. Yeye alipanda basi mpaka Enniskillen, maili kumi na mbili, kubandikwa soli. Watu walisema ni kiburi, kwamba hataki mwanamke apigilie kiatu chake. Gretta naye aliamini hivyo, na kila basi lilipopita na Malachy dirishani, mfuko wa viatu mapajani, aligeuza kibao cha "Tumefungua" kikasoma "Tumefunga", hata kama ni saa nne ya asubuhi.

Huyo ndiye aliyekaa ukumbini miaka mitatu, mstari wa tatu, akisubiri jina la kumi na saba. Mwaka wa kwanza alishaanza kusimama. Aliposikia Packie Leonard akabaki hapo hapo, nusu juu nusu chini, kisha akajifanya ananyoosha sketi. Mwaka wa pili akanyoosha sketi tena. Mwaka wa tatu watu wa mstari wake waliangalia dari wote kwa pamoja, kana kwamba kuna ndege ndani.

Jioni ya Jumatatu hiyo, baada ya chakula, walisali rozari kama kawaida. Malachy ndiye aliyeongoza. Mafumbo matano, kila fumbo Salamu Maria kumi, hakuruka punje. Eunan, mumewe Dympna, anayeendesha lori la maziwa na husinzia kuanzia fumbo la tatu, alisikiliza usiku huo mpaka mwisho.

"Umeona?" akamwambia mkewe jikoni, kitambaa cha vyombo begani. "Mtu anayehesabu hamsini gizani hawezi kusahau mmoja kati ya ishirini na wawili."

"Hicho ndicho ninachokiogopa," Dympna akasema.

*

Dympna alimbana baba yake Jumatano, mvua ikiwa inapiga madirisha na mzee hana kuku wa kukimbilia.

"Baba, umesikia nilichokwambia juu ya kamati. Ukimruka Jumapili, daftari linakwenda kwa meneja wa benki. Unamruka makusudi?"

Saa ya ukutani ikajisemea.

"Ilikuwa Arakan, huko Burma," Malachy akasema mwishowe. "Mvua zimeanza. Wewe huijui mvua."

"Baba, mimi nimezaliwa Fermanagh."

"Hii ni umande." Akashika kikombe kwa mikono miwili. "Buti zangu zilikuwa zimeoza. Soli imeachana na ngozi, nimezifunga kwa kamba ya hema. Josie ana homa, siku ya nne. Tukaambiwa tunahama kabla ya jua, wasioweza kutembea wasubiri machela. Josie akaniangalia miguu akasema, 'Malachy, hizo ni aibu kwa fundi. Chukua zangu.' Nikamwambia, na wewe? Akasema, 'Mimi nabebwa, bwana, kama askofu.' Akacheka. Nikamvua. Ndani zilikuwa za moto."

"Basi kosa liko wapi? Alikupa mwenyewe."

"Tulipoanza kuondoka nikasikia ananiita. Akasema, 'Malachy, buti zangu.' Labda ni homa. Labda alikuwa amefikiri upya. Sikugeuka." Akanywa chai ambayo ilikuwa imekwisha. "Machela hayakufika."

Dympna akakaa.

"Niliporudi, baba yake aliniuliza swali moja tu. Fundi viatu atauliza nini kingine? 'Malachy, alikuwa na buti miguuni?' Gretta yuko pembeni, amesimama na nyundo. Nikasema ndiyo. Nikasema zilikuwa zimefungwa kamba vizuri. Mzee akashukuru Mungu mbele yangu."

"Lakini zamani ulikuwa unalisoma jina lake."

"Nilikuwa na macho. Macho yanapita tu, kama mtu anayevuka barabara. Sasa lazima niyatoe ndani. Na nikifika hapo nasikia yeye ananiita kwanza. Nikinyamaza kidogo, anapita."

"Gretta anadhani umemsahau kaka yake. Mji mzima unadhani hivyo."

"Afadhali wadhani hivyo."

"Afadhali kwa nani, Baba?"

Siku ya Ijumaa alimwomba Dympna ampigie viatu rangi, na yeye mwenyewe akavishika kuona kama kisigino bado kipo. Cha kushoto kilikuwa karibu kimekwisha.

*

Jumamosi mchana Malachy alikwenda mtaa wa chini peke yake, hatua mia mbili na arobaini, mkono ukiteleza kwenye kuta. Alijikwaa kwenye ule mguu wa chuma mlangoni, mlango ukatikisika, kengele ikalia.

"Tumefunga," Gretta akasema.

"Nimesikia kengele ikilia nilipoingia."

"Imelia kwa bahati mbaya." Akaweka chini sindano zake za kufumia. "Unataka nini, Malachy Gormley?"

Alikuwa amepanga maneno njia nzima. Mia mbili na arobaini, neno moja kila hatua. Sasa alisimama katikati ya harufu ya sufu, na chini yake, hafifu, harufu ya ngozi na gundi, na maneno yote yakamkimbia.

"Nyuzi," akasema.

"Nyuzi. Nani anafuma kwenu? Dympna hajui hata kushona kifungo."

"Eunan."

"Eunan wa lori la maziwa?"

"Ndiyo anaanza. Taratibu."

"Rangi gani?"

"Yoyote ile nzuri."

Gretta akamtazama kwa muda. Akachukua donge la nyuzi za rangi ya waridi, waridi kali kuliko yote dukani, akamwambia pauni moja na peni ishirini. Malachy akatoa sarafu, akazifungua kiganjani, akasubiri. Gretta akaona vidole vyake vinavyozipapasa, akaona macho yanayoangalia bega lake badala ya uso. Akazichagua mwenyewe, moja moja, akamfungia kiganja.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu lini nini?"

"Basi. Na hicho kisigino cha kushoto kimekwisha."

"Kinanitosha," Malachy akasema. Akatoka na donge lake, akimlaani Eunan asiye na hatia, ambaye kufikia saa kumi na moja jioni alikuwa ameshaulizwa kwenye kituo cha maziwa kama anafuma soksi au kofia, na kama anachukua oda.

"Ulimwambia?" Dympna aliuliza mzee alipoweka nyuzi mezani.

"Karibu."

Dympna aliangalia lile donge. Kwake kitu hakitupwi. Jioni ile alichukua soksi ya Jumapili ya baba yake, iliyotoboka kisiginoni, akaiziba kwa waridi.

*

Jumapili baada ya misa ya pili ukumbi ulijaa. Wakatoliki walikuwa wamekuja na yale maua mekundu ya karatasi ya kuwakumbuka askari wa Mwingereza, wameyaficha ndani ya makoti, wakayatoa walipolipita kanisa, kama desturi. Sadie alikuwa mstari wa mbele. Meneja wa benki alikuwa nyuma yake, akisafisha koo ambalo halikuwa chafu. Gretta alikuwa mstari wa tatu na mkoba wake mapajani, mikono miwili juu yake. Dympna aliacha masanduichi yakauke akasimama mlangoni pa jikoni, birika mkononi.

Malachy alipanda jukwaani. Daftari aliliweka mezani, limefungwa. Kwa mara ya kwanza hakujifanya.

"Nayasema kwa kichwa," akawaambia watu. "Macho yamekwisha. Wengi wenu mlijua, asanteni kwa kunyamaza."

Watu wakaangalia viatu vyao.

Akaita. Wakaitika, wengine kwa sauti ya kizee, wengine kwa sauti za wajukuu waliosukumwa na viwiko. "Bertie Crozier." "Yupo," Sadie akajibu, kwa ukali kidogo, kama mtu anayeulizwa jambo lililo wazi. Kumi na nne. Kumi na tano.

"Cecil Noble."

"Yupo."

Malachy akavuta pumzi. Kimya kikaja, kile kile cha kila mwaka, lakini safari hii hakikwisha. Mtu alikohoa. Kikombe kiligonga sahani. Wa mstari wa tatu wakaanza kutafuta ndege darini. Dympna alihisi birika linamuunguza paja, hakuliweka chini.

"Josie Tummon," Malachy akasema.

Gretta akasimama. Akasimama mpaka juu.

"Usiitike kwanza, Gretta. Nilimdanganya baba yako. Josie hakuwa na buti. Nilizivaa mimi. Alikuwa hai bado. Alinipa, halafu akazitaka tena, na mimi nilisikia. Nimetembea nazo mpaka India."

Katika mji wetu hakuna adabu iliyotengenezwa kwa jambo kama hilo. Watu hawakujua waangalie wapi. Hata meneja wa benki aliacha kusafisha koo.

Midomo ya Gretta ilicheza kiasi cha kusali Baba Yetu nzima, na mimi nasema alikuwa anaisali.

"Zilikutosha?" akauliza.

"Hapana. Zilinibana hapa kwenye kidole gumba. Njia nzima."

"Josie alikuwa na mguu mdogo," Gretta akasema. Kisha, kwa sauti iliyofika mpaka jikoni, "Yupo." Akakaa. Hakunyoosha sketi.

Yaliyobaki matano Malachy aliyamaliza, hakuruka hata moja. Chai ikamiminwa. Watu waliongea juu ya mvua kwa bidii kubwa. Sadie alimletea Malachy kikombe, akamwekea mkononi, akamwambia, "Meneja tutamtafutia kazi ya kukata keki," akaondoka haraka kabla hajashukuriwa.

Malachy alikuwa ameketi kwenye kiti cha pembeni aliposikia hatua zinakuja, zinasimama mbele yake. Hakuziona lakini alijua ni za nani, maana mazungumzo ya mvua yalikatika yote kwa pamoja.

"Malachy."

"Gretta."

"Vua viatu."

"Hapa?"

"Hapa."

Akaweka kikombe chini, akainama, akahangaika na kamba. Hakuna aliyemsaidia, na hata Dympna alijua asisogee. Akavua cha kulia, akavua cha kushoto, akabaki na soksi zake kwenye sakafu baridi ya ukumbi wa soko, kisigino kimoja kinang'aa waridi mbele ya mji mzima. Pale nyuma Eunan akafunika uso.

Gretta alikiangalia kile kisigino cha soksi muda mrefu kidogo. Mdomo wake ukacheza upande mmoja. Kisha akaviokota viatu, akakigeuza cha kushoto, akapitisha kidole gumba juu ya soli polepole, kama baba yake alivyokuwa akifanya. Akaviweka vyote viwili kwapani, akachukua mkoba wake, akatoka mvuani, akielekea mtaa wa chini.